Ulimwengu Mwembamba wa Mwalimu Faki

Nilimtambua kwa miguu. Ilikuwa siku ya hitima ya shangazi yangu, Bi Rukia, katika nyumba ileile ya Ngamiani, mjini Tanga. Sisi wanawake tulikuwa tumejaa ndani, mikekani, na wanaume walikuwa barazani na chini ya turubai lililofungwa barabarani. Pazia la mlango wa ukumbini lilikuwa jipya, lakini kama lile la zamani halikufika chini. Liliacha uwazi wa shubiri hivi, na katika uwazi ule watu walikuja mmoja mmoja, wakasimama, wakatoa pole, tukaitikia, wakaenda zao. Ilipita miguu ya viatu vya ngozi, miguu ya malapa, miguu yenye vumbi la safari. Kisha ikaja miguu ya mzee, myembamba na mirefu, ndani ya makubazi ya kahawia, ikasimama. Sauti ikasema, "Asalamu alaikum. P-p-p..." na neno halikuja. Kidole gumba cha mguu wa kulia kikainuka, kikabaki hewani kama kichwa cha kasa anayechungulia. Wanawake wakatazamana. Mimi sikuwa na haja ya kumtazama mtu. Miaka zaidi ya thelathini ilikuwa imepita tangu nikione kidole kile, na nilijua ni cha nani, nilijua mwenyewe amekwama, na nilijua kwamba akiachwa hivyo atageuka aondoke na pole yake moyoni, asiweze kuitoa mbele ya nyumba iliyomlea kama mtoto. Nataka kusimulia mwaka ule nilioijua miguu hiyo, kisha nitarudi hapa paziani. Naandika polepole, maana nimesoma mpaka darasa la saba na mkono wangu umezoea sindano kuliko kalamu. Mwalimu atanisamehe nikimwacha asimame kidogo.

Nilifika kwa shangazi kutoka Kigombe nikiwa nimemaliza shule ya msingi na sikuchaguliwa kuendelea. Nilikuwa mtoto wa haya mno. Nikisalimiwa nilijibu kwa sauti ya kunong'ona, na nikiulizwa jambo nilitazama chini mpaka muulizaji akachoka. Binti wa shangazi, Zuhura, ambaye alikuwa ameachika akarudi kwao na mdomo wake wote, alinipa jina la Bi Kimya siku ya kwanza, na jina likakaa. Nyumba ilikuwa ya kawaida ya Ngamiani: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uwani nyuma, penye jiko, choo na mpera mmoja uliokuwa ukizaa mapera ya ndani mekundu. Katika ukumbi, nusu ya nyuma ilikuwa yetu sisi wanawake, na nusu ya mbele ilikuwa ya kila mtu. Katikati palikuwa na pazia la kitambaa cha maua ya bluu lililofuliwa mpaka maua yakawa kama madoa ya mvua. Kwetu upande wa ndani ndipo tulipokaa baada ya adhuhuri, migongo ukutani, kushona kofia.

Kofia za mkono ndizo zilizoiweka nyumba ile. Ni zile nyeupe za wanaume, zenye mapambo yaliyotengenezwa kwa matundu madogo, mamia ya matundu, kila moja dogo kuliko punje ya mchele. Tundu halikatwi. Unachoma kitambaa kwa sindano nene, unazisukuma nyuzi zake pembeni, kisha unauzungushia ukingo uzi wa hariri, mshono kando ya mshono, mpaka tundu lisimame lenyewe. Shangazi hakumruhusu mwanafunzi kugusa kitambaa cha kofia. Alinipa kipande cha mfuko wa unga uliochemshwa maandishi yakatoka, akasema, "Hiki ndicho kitambaa chako cha kujifunzia. Toboa, shona, haribu, utakavyo. Hapo hakuna atakayevaa." Karibu mwaka wote nilishona matundu kwenye mifuko ya unga. Akija kukagua, aliinua kipande kwenye mwanga na kunigombeza: "Wewe watazama tundu. Usinitazamie tundu, nitazamie ukingo! Ukingo ukilegea kofia imekufa." Kisha alinipa bada, ugali wa muhogo, na mchuzi wa ngisi, sahani imejaa hata nikaona aibu, kwa sababu alikuwa mtu wa kugomba kwa mdomo na kuomba radhi kwa chakula.

Ulikuwa mwaka wa ruksa, biashara zimeruhusiwa tena. Watu walisema neno hilo barabarani kama salamu. Vitu tulivyovizoea kwa kuvikosa vilikuwa vimerudi madukani: sabuni ya kuogea, mafuta ya kula, nyuzi za rangi ambazo shangazi alikuwa amezisahau majina. Mwenye duka aliyetuuzia uzi, mzee wa Kihindi wa barabara ya jirani, ambaye miaka ya shida alikuwa akituwekea kibunda kimoja chini ya meza kama dawa, sasa alivitandaza vyote mbele na kusema, "Chagua, dada, chagua, siku hizi mimi siogopi." Lakini upande wa pili viwanda vilikuwa vikifunga milango. Wanaume waliozoea kupita asubuhi na baiskeli kwenda kazini walianza kukaa barazani mchana, wakicheza bao wasilolifurahia. Kwa hiyo shangazi aliamua kupangisha chumba cha mbele, na aliyekuja kukipanga alikuwa Mwalimu Faki.

Alikuwa Mpemba, kijana wa miaka kama ishirini na nane, mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari pale mjini. Alileta godoro, sanduku la bati la vitabu, na kigugumizi. Alipokuja kujitambulisha, alisimama mbele ya pazia na neno "shikamoo" lilimchukua muda hata Zuhura akaitikia marahaba kabla halijafika. Basi tukadhani ni mtu asiyesema. Haukupita muda, shangazi akatuita uwani, uso umembadilika. "Yule mpangaji," alisema kwa sauti ya chini, "asema peke yake. Nimempita dirishani. Asema bila kukwama hata herufi, kama msomaji wa maulidi, na chumbani hamna mtu."

"Ni Mpemba, mama," Zuhura akajibu, akimenya muhogo. "Huyo asema na jini lake. Umepangisha wawili kwa kodi ya mmoja."

"Astaghfirullah! Wewe mdomo wako utakutia motoni."

"Mie nasema yanayosemwa na Tanga nzima."

Shangazi hakuwa mtu wa kukaa na jambo. Jioni ile, Mwalimu alipotoka kuchukua maji ya kutawadha, alimwita mpaka kwenye pazia na kumuuliza waziwazi alikuwa akisema na nani. Sisi tulikuwa nyuma yake, na hapo ndipo nilipokiona kidole kwa mara ya kwanza. Kiliinuka, kikakaa juu, na sauti ikagonga herufi moja kama mtu anayebisha mlango usiofunguliwa. Ilichukua muda mpaka habari ikatoka yote. Alikuwa akijizoeza. Alikuwa ameitwa chuo kikuu, Dar es Salaam, kwenda kueleza utafiti wake mbele ya maprofesa. Akieleza vizuri, angepewa nafasi ya kufundisha pale na kuendelea na masomo. Alikwisha kwenda mara moja. Sehemu aliyoiandaa aliisema yote. Kisha mzee mmoja akamuuliza swali, swali jepesi, na yeye akakwama. Alisimama pale mpaka watu wakaanza kutazama saa zao, na mmoja akamwambia kwa upole akapumzike. Sasa walikuwa wamemwita tena. "M-mara ya tatu haipo, Bi Rukia," alisema. "Nikikwama, nitarudi kwetu nikachume k-karafuu. Na k-karafuu nayo siku hizi haina bei."

Shangazi alijifunga kanga yake upya. Kisha akasema, kama mtu anayegawa kazi za jikoni, "Basi zitasikia nini kuta? Kila siku baada ya alasiri utasimama hapo ulipo, useme. Sisi tuko huku twashona, hatuna kazi na masikio. Pazia litabaki, kwa heshima. Ukimaliza, hawa watakuuliza maswali. Mwanaidi, huyu Bi Kimya, hasemi, lakini ya Zuhura yatakutosha."

Ndivyo darsa ile ilivyoanza. Nimekwisha kusikia watu wakisema kwamba elimu ya nyota ni ya watu wakubwa. Mimi niliipata nikiwa na mfuko wa unga mapajani, kutoka kwa jozi ya miguu. Alianza na mashimo meusi, kwamba nyota kubwa ikiishiwa moto hujikunja ndani yake yenyewe, na mvuto wake ukawa mkali hata mwanga ukiingia hautoki. Mpaka wa kuingia bila kutoka aliuita ukingo, na shangazi aliguna kwa kuridhika, kwa kuwa neno lile lilikuwa lake. Kisha akasema jambo lililowashangaza wenye elimu wenyewe: shimo lile si baridi kabisa. Lina joto lake, dogo sana, nalo hulivujisha kidogo kidogo. "Na hapa ndipo penye ajabu," alisema, na sauti yake ilikuwa ikitiririka, kwa sababu ilikuwa sehemu aliyoiandaa. "Chungu kikipoteza joto hupoa. Shimo hili la ulimwengu wetu likipoteza joto hupungua, na likipungua huzidi kuwa moto. Kadiri linavyotoa ndivyo linavyochemka, mpaka mwisho linalipuka."

"Kama mama," Zuhura akasema. "Kila akipungua mwili azidi ukali."

"Zuhura!"

"Endelea, Mwalimu. Tumeelewa mfano."

Lakini shimo alilolichunguza yeye halikuwa la ulimwengu wetu. Lilikuwa la ulimwengu mwembamba, wenye urefu na upana tu, usio na juu wala chini, kama kitambaa kilichotandazwa. Alisema kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba katika ulimwengu wa namna hiyo mvuto ni dhaifu mno, hauwezi kutoboa shimo lolote. Kisha, siku za karibuni tu, wengine wakaonyesha kwamba linawezekana, ilimradi kitambaa chenyewe kiwe kimepinda kwa namna fulani, kila kinachokwenda mbali kikarudishwa kati. Rafiki yake aliyekuwa akisoma ng'ambo alimtumia karatasi hizo, naye hakulala. Shimo la ulimwengu mwembamba lilikuwa na adabu. Likiwa kubwa ni la moto, likiwa dogo limepoa, kama chungu chochote. Na vurugu yote iliyofichika ndani yake, mambo yote yaliyoanguka humo yasionekane tena, kipimo chake ni urefu wa ukingo unaolizunguka. Nilikumbuka mshono wangu. Nilitazama tundu nililokuwa nikilizungushia uzi, na kwa mara ya kwanza sikuona kwamba shangazi alikuwa akinionea.

Shida ilikuwa maswali. Akimaliza kusema, shangazi alipiga kofi moja kwenye paja na kusema, "Haya, ulizeni." Zuhura aliuliza kama shimo lile laweza kummeza mwanamume aliyemwacha, na kama akimezwa atapata nafuu au atasumbuka milele. Kidole kiliinuka, Mwalimu akakwama. Alicheka, nasi tulimsikia akicheka, lakini kicheko si jibu. Shangazi mwenyewe, siku moja, aliuliza kwa nia njema kabisa: "Mwanangu, yote haya nimeyapenda. Lakini huo ulimwengu wa kitambaa haupo. Sisi tuko huku, kwenye unene. Sasa una faida gani?" Kidole kikaenda juu, na safari hii hakikushuka. Tulisikia pumzi yake ikijaribu, ikirudi, ikijaribu. Muadhini akaanza kuadhini magharibi na Mwalimu akaondoka bila kuaga. Shangazi alikaa ameshika kofia, hashoni. "Nimemuua mtoto wa watu," alisema. Usiku ule alimpelekea Mwalimu mkate wa kumimina mzima, wa nazi na iliki, ambao kwa kawaida aliupika Idi tu.

Mimi swali nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu siku aliposema lile shimo dogo hupoa. Kila alasiri nililipanga maneno yake kichwani, na shangazi aliposema "ulizeni" moyo wangu ulipiga hata nikajichoma sindano, kisha Zuhura akasema lake na siku ikapita. Sasa najua kwa nini lilinishika. Mwaka ule kila kitu kilikuwa ama kinaanza ama kinakwisha, na watu wazima hawakuwa wakijua kipi ni kipi. Yule mzee mwenye duka la uzi alituonyesha siku moja kofia mpya zilizoletwa kutoka nje, zimeshonwa na mashine, nyeupe kupita zetu, zikiwa zimefungwa kwenye nailoni kwa dazani. Hakuzionyesha kwa kiburi. Aliziweka juu ya meza kama mtu anayeleta habari ya msiba. Shangazi alichukua moja, akaigeuza, akachungulia matundu yake kwenye mwanga wa mlango. "Ukingo wake si mbaya," alisema. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakunigombeza kwa lolote, na hilo lilinitia hofu kuliko kofia zenyewe.

Alasiri ya mwisho kabla ya Mwalimu kwenda Dar es Salaam, alikuja paziani akiwa na makubazi mapya. Alisema sehemu yake yote, vizuri kuliko siku zote. Shangazi hakusema "ulizeni". Nadhani aliogopa. Zuhura naye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa amefunga mdomo ili asimwage bahati. Ndipo nikasikia sauti nyembamba ikisema, "Mwalimu, kama lile dogo lapoa kila likipungua, je, huisha?"

Zuhura aliangusha mkasi. Ilikuwa sauti yangu. Nilitazama uwazi wa chini ya pazia, nikikingoja kidole kiinuke, nikijua nimeharibu. Hakikuinuka. Miguu yote miwili ilisogea mbele, karibu na pazia, kama ya mtu aliyeitwa kwa jina lake.

"Ahaa," alisema. "Hilo. Hilo ndilo, Mwanaidi. Sikiliza. La ulimwengu wetu huisha, tena kwa kishindo, kwa sababu linazidi kuwa moto. Hili letu jembamba, kila likipungua linapoa, na likipoa linatoa kidogo zaidi, na likitoa kidogo linapungua polepole zaidi. Linazidi kuwa na subira. Ukilingoja liishe utangoja milele. Na hicho kidogo linachotoa, ukikumbuka kile kitambaa kimepinda, hakiendi popote, chalirudia lenyewe. Haliishi. Lapoa tu."

Alisema yote hayo bila kugonga hata herufi moja. Alipotambua, miguu ikarudi nyuma hatua moja. Kisha shangazi akaanza kulia na kumkemea Zuhura kwa kuangusha mkasi.

Alirudi baada ya siku chache. Tulimsikia akibisha hodi barazani, na shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasahau kuuweka. Miguu ikaja mpaka paziani. "Nimek-kwama," alisema. Shangazi akashika ukuta. "Nilikwama swali la kwanza. Kidole kikainuka ndani ya kiatu mpaka kiatu kikaniuma. Watu wananitazama. Macho, Bi Rukia, macho mengi mno! Sikuwahi kujua maprofesa wana macho mengi vile. Nikafikiri, hapa pamekosekana pazia. Basi nikageuka. Nikawapa kisogo, nikatazama ubao. Nikasema moyoni, hili ndilo pazia la Bi Rukia, na nyuma yake wamo wanaoshona."

"Ukawapa wazee mgongo?" shangazi akauliza.

"Wote. Mmoja akasema, kijana, sisi tuko huku. Nikamjibu nikiwa nautazama ubao, naam, mzee, nakusikia vizuri. Wakacheka kidogo. Kisha wakaanza kuuliza, na mie nikaanza kujibu. Kwa Kiingereza, lakini moyoni nilikuwa nikikujibuni nyinyi. Na mmoja aliuliza swali lako, Bi Rukia, kwa maneno marefu zaidi. Ulimwengu huu haupo, una faida gani kwa nchi kama yetu?"

"Ukasemaje?"

"Nikavua kofia." Ilikuwa kofia aliyopewa na shangazi, ya matundu ya mstari mmoja. "Nikaiinua juu, bado nimewapa mgongo. Nikasema, aliyeshona hii hakuanzia hapa. Alianzia mfuko wa unga, pasipo na wa kuvaa. Ulimwengu mwembamba ni mfuko wangu wa unga. Humo twajifunza kushona ukingo, twakosea, hatumharibii mtu kofia. Siku tutakapojua ukingo mwembamba, tutathubutu ule mnene." Miguu ikasogea sogea sakafuni kama ya mtoto. "Wamenipa nafasi. Wamesema nafasi nimepata, ila nijifunze kugeuka."

Zuhura alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa. Mimi nilikuwa nimeshika kipande changu cha mfuko wa unga, na ninachokumbuka ni kwamba shangazi alikinyang'anya mkononi, akakitazama kwenye mwanga muda mrefu, akakikunja akakitia kifuani kwake. Kesho yake alinipa kitambaa cheupe.

Mwalimu Faki alihama kabla ya mwaka kwisha. Alifundisha Dar es Salaam miaka mingi, na mara moja moja kijana wa Tanga aliyesoma kwake alipita nyumbani kuleta salamu, na wote walisema neno moja, kwamba ni hodari, mpole, lakini wanafunzi wanamjua kwa kisogo. Hakujifunza kugeuka. Zuhura aliolewa tena, Pangani, na mumewe wa pili ni mtu wa kucheka, Mungu ashukuriwe. Kofia za mashine zilijaza mji. Tulidhani zetu zitakufa mwaka uleule, na hazikufa. Zilipungua. Nyumba zilizoshona kumi zikawa mbili, wateja wa kila juma wakawa wa kila harusi, kisha wa mtu mmoja mmoja anayetaka ya Idi yake au ya bwana harusi wake. Mpaka leo ninashona, moja kwa miezi, na miwani juu ya pua. Shangazi alishona mpaka macho yalipogoma, na baadaye alikaa karibu nami akipapasa ukingo kwa kidole, akigomba.

Sasa narudi paziani. Kidole kilikuwa bado kiko juu. "P-p-p," ilisema sauti ya mzee, na mimi nilisikia pumzi yake ikirudi ndani. Msomaji wa Kurani barazani alikuwa amenyamaza kupumzika, na nyumba nzima ilikuwa kimya, imejaa wanawake wa mitaa yote, wengi wao sijapata kuzungumza mbele yao. Zuhura, aliyekuwa amekaa karibu nami, mzito sasa na mwenye mvi, alinigusa kwa kiwiko. Haya yangu hayajaniacha. Nilihisi uso ukiwaka.

"Mwalimu," nikasema, "lile shimo letu jembamba, bado halijaisha?"

Wanawake wakageuka kunitazama kama mtu aliyerukwa na akili kwa msiba. Miguu ikasogea mbele, karibu na pazia. Kidole kikashuka, taratibu, kikakaa sakafuni pamoja na wenzake.

"Bado, Mwanaidi," alisema. "Limepoa tu. Poleni sana."